Chumvi isiyokuwa na dari

Kasese, Uganda
24 Agosti

Somo yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Kabla sijasahau, mama amepiga simu juzi kutoka Mombasa, amesema nikikuandikia nikukumbushe kwamba ile leso yake uliyojifunga siku ya safari hadi leo hajaiona. Mimi nimefikisha. Mzigo si wangu tena.

Barua yako ya Kraków, ya matembezi yako katika mgodi wa chumvi wa Wieliczka huko Poland, nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti katika chumba cha walimu, maana wenzangu hawakuamini. Ati mtu anateremka ngazi 380 za mbao, anazungukazunguka huko chini, mara anajikuta mita 101 chini ya ardhi ndani ya kanisa: sakafu chumvi, madhabahu chumvi, hata thurea zinazoning'inia darini zimetungwa kwa fuwele za chumvi. Mwalimu wa Jiografia alishikilia kwamba unatutania, mpaka nilipomwonyesha picha ulizotia ndani ya bahasha. Na habari ya kulamba ukuta haikunishangaza hata kidogo. Nani alikuwa akilamba chokaa ya ukuta wa madrasa pale Kibokoni, tukachapwa sote wawili kwa kuwa ustadhi aliita "Zuhura" na sote tukasimama?

Basi uliponiuliza mwisho wa barua, "Na huko kwenu bara kuna nini?" nikaona haya. Miaka miwili naishi Kasese, Katwe, mji wa ziwa la chumvi, iko hapa chini tu, na sijawahi kukanyaga. Chumvi yenyewe naiona kila wiki ikipita barabarani kwenye malori, mabonge ya kijivu kama mawe ya kujengea, na siku moja niliuliza kama ni kokoto. Shule zilipofungwa nikajiambia, liwe liwalo, Alhamisi naenda.

Safari yenyewe haina maneno mengi. Taksi (huku taksi ndiyo matatu yetu) hadi njia panda ya kuingilia Katwe, kisha boda. Ikweta unaivuka njiani, na wageni wa magari makubwa husimama wakapigwa picha ndani ya duara la saruji. Dereva wa boda alikuwa na haraka kwa sababu ndovu huvuka barabara ile na hataki kuwangojea. Nilishika shati lake nikasoma kila nilichohifadhi.

Mjini kuna ofisi ya utalii ya wenyeji wenyewe. Unalipa, unapewa risiti, na unapewa mtu wa kukutembeza. Wangu alikuwa kijana wa palepale, mama yake anavuna chumvi na baba yake alikuwa mvunaji. Tulikuwa watano: mimi, wanandoa wawili wazungu, na vijana wawili wa kutoka Kampala waliovaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, somo. Nitakuja kuvitaja.

Usije ukadhani ni handaki kama lako. Hapa hakuna kuteremka gizani, unateremka juani. Tulipanda kwanza ukingo mwembamba wa kilima, na pale juu kijana akatuambia tugeuke huku na huku. Upande mmoja ni Ziwa Edward, maji matamu, mitumbwi ya wavuvi, viboko wametoa masikio tu. Upande wa pili, chini kabisa kama ndani ya bakuli, ni ziwa la Katwe, ambalo halina samaki. Kati ya hayo mawili ni huo ukingo tu. Na la ajabu ni kwamba lenye chumvi liko chini kuliko lenye maji matamu. Bakuli hilo lilitobolewa na volkano. Chemchemi hupita ndani ya miamba ile zikabeba chumvi na magadi, zikamwagikia ziwani, na ziwa halina mto wa kutokea. Maji yana mlango wa kuingilia tu. Jua linayachukua, chumvi inabaki, karne kwa karne. Nilikumbuka ulivyoandika kwamba ya Wieliczka iliachwa na bahari iliyokauka mamilioni ya miaka nyuma. Sisi tuliolelewa na bahari tunadhani chumvi yote ni ya pwani.

Kijana alisema, "Sasa tuuone munyu." Nilicheka peke yangu. Munyu! Tangu nyanya afe sijamsikia mtu akiita chumvi munyu. Nilimwambia kwetu wazee wa Amu na Mvita ndivyo walivyosema, akanitazama kama nimemwambia sisi ni ndugu. Tangu hapo akawa ananitafsiria mimi kwanza, wale wengine baadaye. Kiswahili chake ni cha mpakani, cha wafanyabiashara wa Kongo, kinapanda na kushuka, lakini kinatembea.

Historia alipitia mbio mbio kama mtu anayekimbizwa, na hilo ndilo lawama langu kwa matembezi haya. Alisema kwamba watawala wa falme za Bunyoro na Toro waligombania ziwa hili kwa sababu mwenye chumvi ndiye aliyekuwa na mali, kwamba Stanley, yule msafiri mpelelezi, alipita mwaka 1889, na kwamba Lugard, ofisa wa Kiingereza, alijenga boma hapo kwenye ukingo mwaka 1891, akaliita Fort George. Kisha, "Twende." Mimi nilitaka tusimame! Mtu ametoka ng'ambo, anakuja kujenga boma juu ya chumvi. Hakujenga juu ya dhahabu. Kabla ya hapo watu wa Kabalega, mfalme wa Bunyoro, ndio waliokuwa wamelikalia. Ningekuwa mimi ndiye mtembezaji, pale ningewaweka wageni nusu saa wakiungua jua. Labda ndiyo sababu hawaniajiri.

Tulipofika chini, harufu ilitupiga. Si mbaya sana, ni kama yai lililosahaulika. Maji kandokando ni mekundu-mekundu, na ufuko umeganda ukoko mweupe unaovunjika ukiukanyaga. Vijana wa viatu vyeupe walikanyaga mahali ambapo chini ya ukoko palikuwa na tope jeusi. Basi.

Ndani ya ziwa kulikuwa na wanaume wamesimama, maji yamewafika kiunoni, wengine kifuani. Wanavunja mwamba wa chumvi chini ya maji kwa mtaimbo. Hawauoni, wanausikia kwa miguu. Wanang'oa bonge, wanaliinua, wanaliweka juu ya chelezo cha magogo mepesi, na chelezo kikijaa wanakisukuma hadi ufukoni. Bonge likitoka ni zito na jeusi, likikauka linakuwa kijivu. Hiyo si chumvi ya mezani, ina magadi mengi. Ni ya ng'ombe kulamba na ya kutengenezea ngozi. Wanunuzi huja hata kutoka Kongo na Rwanda.

Maji yale yanakula ngozi. Hapo kijana akaeleza wanaume wanavyojikinga sehemu zao za siri, wengine kwa mipira ya kondomu, wengine kwa mifuko ya plastiki, na wanawake wanavyotumia unga. Wale wa Kampala wakaangua kicheko. Mzungu mwanamume naye akatabasamu akauliza swali ambalo sitaliandika. Na wale wanaozungumziwa wako hatua ishirini kutoka kwetu, wanasikia! Mmoja aligeuka, akatutazama, akarudia mtaimbo wake. Somo, sikujua macho yangu niyaweke wapi. Wewe kule kwenu wachimbaji ni sanamu za chumvi, uchimbaji wa biashara ulikoma mwaka 1996 kama ulivyoniandikia, na sanamu haisikii haya. Huku nimelipa kiingilio kumtazama mtu aliye kazini.

Niliacha kupiga picha. Si kwamba mimi ni mwema. Mkono uliniishia nguvu tu.

Kando ya ziwa kuna mashamba ya chumvi, mamia ya vidimbwi vilivyogawanywa kwa matuta ya udongo na vijiti, kama yale ya Gongoni tuliyokuwa tukiyapita kwa basi, ila haya ni madogo na kila kimoja kina mwenyewe. Watu hurithi. Mama kwa binti, baba kwa mwana. Hapa wengi ni wanawake. Maji ya ziwa huingizwa kidimbwini, jua likawaka siku kadhaa, juu kunaganda utando mwembamba kama wa maziwa yaliyochemka. Hapo mama anaurushia maji kwa kiganja ili uzame, utando mwingine ugande, nao uzame, mpaka chini kujae chumvi ya kuchota.

Nilisimama kwenye tuta la mama mmoja wa umri wa mama yangu. Nilimsalimu kwa Kiswahili, "Shikamoo mama." Hakuitikia marahaba, nadhani hawaizoei, lakini aliinuka akacheka akauliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa, mwalimu Kasese. Akasema, "Mwalimu, ingia basi, usisimame kama mwenye shamba."

Nikavua viatu nikaingia. Nilikuwa nimesahau kwamba kiatu cha kushoto kilinichubua kisigino asubuhi ile. Yallah! Sijawahi kuhisi kitu namna ile. Ni kama mtu amekubandika kaa la moto na anakushikilia. Niliruka nikapiga ukelele, wanawake wa vidimbwi vya jirani wote wakainua vichwa, wakacheka mpaka mmoja akakaa kwenye tuta. Yule mama alinionyesha miguu yake. Imejaa makovu madogo madogo, mapya juu ya ya zamani. Akasema kitu kwa lugha yao, kijana akatafsiri: siku ya kwanza kila mtu hulia, siku ya pili anakuja na mafuta ya mgando.

Nilikaa naye kama nusu saa hivi. Wale wengine walikwenda na kijana kutazama ndege, mimi nikachota. Unapitisha vidole chini, unakusanya, unasuuza kwa maji yale yale ya chumvi, unatia beseni. Nilipata beseni moja wakati yeye amejaza matatu na anazungumza. Aliniambia adui yake ni wingu. Mvua ikinyesha kabla hujavuna, kila kitu kinayeyuka kinarudi kuwa maji, na wiki zako mbili zimekwenda. Alilisema hilo akitazama milima ya Rwenzori, maana huko juu mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Akaniambia pia chumvi yao haina soko la mezani kama zamani, kwa kuwa siku hizi chumvi ya kula sharti itiwe madini joto, na ya dukani ndiyo inayonunuliwa.

Nilipomaliza hakunishukuru. Aliichungulia ile chumvi yangu, akaimwaga tena kidimbwini kwa sababu nilikuwa nimechanganya na tope. Nilimpenda sana.

Kuna jengo moja kubwa la mabati na mabomba juu ya ziwa, limekaa kama meli iliyopandwa nchi kavu. Ni kiwanda. Wajerumani ndio waliokijenga, mkataba ulianza zama za Amin, na kilipowashwa maji ya Katwe yaliyala mabomba yakatoboka, kazi ikafa. Kijana alikionyesha kwa kidole bila kusimama. Hata yule mama, nilipomuuliza, alisema tu, "Chuma kililia siku ya kwanza," nasi tukacheka tena.

Ndege wapo pia, heroe (flamingo) wa waridi katika Ziwa Munyanyange hapo jirani. Niliwaona kwa mbali, ni wazuri, wenzangu wanasema nilikosa mengi.

Kabla ya kuondoka nilinunua mfuko mmoja wa chumvi ya yule mama na bonge moja la mwamba kutoka kwa mtu wa ufukoni. Nilishindwa kupatana bei. Wewe unanijua nilivyo Marikiti, hata pilipili za shilingi kumi nabishana. Pale ulimi ulikataa.

Bonge lako liko juu ya kabati langu. Jana mvua ya kwanza imenyesha Kasese, na leo asubuhi nimelikuta linatoa jasho, limeacha duara la maji juu ya daftari la alama za Kidato cha Pili. Nimelifunga kwa nailoni mbili. Nilipoisikia ile mvua usiku nilikaa kitandani nikihesabu: je, yule mama alikuwa ameshavuna, au ilimkuta?

Ukija Desemba niletee kipande cha ukuta wako, lakini cha kununua dukani, usiking'oe. Na mletee mama leso yake.

Somo yako,
Zuhura

N.B. Viatu vyangu vimekauka vikawa vigumu kama mbao, na vimetoa maua meupe. Nimeviosha mara mbili, maua yanarudi.