Nilimnyang'anya kipimo mbele ya wageni

Anti, shikamoo.

Naongoza wageni Mlima Kilimanjaro, nakaa Moshi. Nilianza kama mgumu, yaani mpagazi, mzigo kichwani, mpaka leo msafara ni wangu.

Nina kijana wangu. Nilimtoa kwenye wagumu wa kupanga foleni ya mizani pale geti la Machame, na kilo zake 20. Sasa ana leseni, ni msaidizi wangu msimu wa nne, na Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu. Ila misimu yote hiyo, tukitoka kambi ya Barafu usiku wa manane kwenda kileleni, mbele nipo mimi. Yeye nyuma na wanaochoka.

Safari iliyopita, asubuhi pale kambi ya Barranco, alikuwa anawapima wageni oksijeni. Mama mmoja vidole vilikuwa barafu, kipimo kikasoma 68. Kijana akaushika ule mkono, akawa anausugua taratibu upate joto apime upya. Mimi ndiyo naingia hemani, nimeona 68 tu, nikamnyang'anya: "Hebu toka, utatuulia mtu!" Nikapima mwenyewe, ikaja 84. Anti, ilikuja 84 kwa sababu mkono alishaupasha yeye.

Wageni hawajui Kiswahili, lakini walielewa. Jioni alichukua sahani yake akaenda kula na wagumu.

Juzi kaja nyumbani. Kuna kampuni inamtaka, anaomba nimwandikie barua. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Kaka, mimi msaidizi mpaka lini?" Nikajifanya napokea simu.

Mke wangu anasema nimwombe radhi. Sijui inaanzaje. Aliyenifundisha mimi alinifundisha kwa matusi, na sijawahi kumsikia mkubwa mlimani akimwambia mdogo samahani. Tena si kiburi peke yake, naogopa kweli. Ule usiku mtu wa mbele akikaza mwendo kidogo tu, wageni wanaanza kutapika kabla ya Stella Point, pale karibu na kilele, na bosi atanipigia mimi.

Nawaza safari ijayo nimwachie mbele kuanzia Barafu mpaka Stella, mimi nikae nyuma nifunge mdomo. Sijiamini kama nitaufunga.

Anti, samahani niiseme pembeni, au mbele ya wale wagumu waliomwona akitolewa hemani? Na hiyo barua, nimpe kwanza, au kwanza nimwombe abaki? Anaisubiri Ijumaa.

Mwongoza wageni, Moshi