Mheshimiwa Waziri, watu wa Dar tunataka kulala Mikumi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,

Kwa heshima, nakuandikia kutoka Tabata kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo wengi wetu huku Dar es Salaam tunaijua kwa kuchungulia dirishani. Barabara kuu ya Iringa na Zambia inakatiza humo kwa kilomita 50 hivi, kwa hiyo hata anayekwenda msibani Makambako anarudi na picha za twiga kwenye simu bila kulipa kiingilio. Raha ya bure, nani ataikataa? Ila ndiyo hiyo inayomfanya mwenye gari dogo asimame ghafla juu ya lami ili watoto wampige picha tembo, huku nyuma yake linakuja lori la shaba. Vibao vya kilomita 70 mchana na 50 usiku vipo. Anayewarushia nyani ndizi hana habari navyo.

Wakati wa picha ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Nyasi za uwanda wa Mkata zinakauka, wanyama wanasogea kwenye maji, na mwanga wa asubuhi unakuwa laini kwa kitambo kifupi. Jua likishapanda, hewa inatetemeka juu ya ardhi na simba wa mbali anatoka kwenye picha kama kichuguu, hata ukiwa na lenzi ya bei mbaya. Aliyelala Morogoro mjini wakati huo bado yuko njiani. Na kwa kuwa kwa kawaida hairuhusiwi kujizungukia hifadhini usiku, anayewahi ni yule aliyeamkia kambini, ndani ya hema.

Hapo ndipo tunapokwama. Mgeni kutoka Ulaya analetewa kila kitu na kampuni yake ya utalii: hema, mpishi, gari la paa linalofunguka. Sisi tuna IST na blanketi. Hakuna familia itakayonunua Land Cruiser kwa ajili ya wikiendi ya Nane Nane, na hema zuri linalotumika mara moja kwa mwaka ni fedha iliyolala stoo.

Naomba basi hema, godoro na jiko la gesi vikodishwe langoni, bei ikiwa imebandikwa kwa shilingi. Gari la hifadhi liondoke kambini saa kumi na mbili asubuhi, tulipie kiti kimoja kimoja kama kwenye daladala, pamoja na askari wa kutuambia tusishuke, tusipige kelele na tusimfukuzie mnyama kwa sababu ya picha. Kando ya barabara kuu pajengwe maegesho salama, maana kukataza peke yake hakujawazuia watu kusimama.

Shule zinafungwa Juni. Tukitangaziwa bei mapema, hata kwenye redio, mwenye mshahara mdogo atapata miezi ya kuweka akiba.

Wako,
Mkazi wa Tabata, Dar es Salaam