Leteni faiba kwanza, apu baadaye

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuandika neno, lakini ile taarifa yenu ya kwamba kampuni za televisheni ya setilaiti zinahamia intaneti ili kumrahisishia mteja imenishinda. Mteja yupi huyo?

Setilaiti ikishalipiwa, mechi hurushwa mara moja tu, ikaonekana Nyakach, Webuye na Njoro kwa gharama ile ile, watazamaji wawe kumi au laki moja. Kwenye intaneti kila nyumba hutumiwa picha yake peke yake. Picha ya HD huhitaji kama megabiti 5 kwa sekunde. Mechi pamoja na mapumziko ni saa mbili, yaani sekunde 7,200. Zidisha, gawanya kwa 8, unapata megabaiti 4,500. Hizo ni GB 4.5 za mechi moja, na anayenunua bando si kampuni tena, ni wewe, juu ya ada ya mwezi uliyokwisha kulipa. Biashara yenyewe ndiyo hiyo: mzigo wa kusafirisha picha wameutua wao, akatwikwa mtazamaji.

Juzi huko Ahero mteja alilalamika kwamba picha hukatika mvua ikinyesha. Wakala wa kampuni moja akamshauri aachane na dishi, anunue king'amuzi cha intaneti. Hakuna aliyepanda juu ya mabati kuangalia! Setilaiti inayoturushia televisheni, iliyo juu ya longitudo ya nyuzi 36 Mashariki, iko karibu utosini mwetu. Nakuru iko kwenye longitudo hiyo hiyo. Mawimbi yake hupenya mvua kwa njia fupi kabisa, na dishi la sentimita 90 lililofungwa vizuri halizimwi na manyunyu. Dhoruba ya alasiri kutoka ziwani itakata picha kwa dakika kadhaa, hilo nakubali. Lakini mvua ikiisha na saa nzima ipite picha haijarudi, msiisingizie mbingu: maji yameingia kwenye kiunganishi kilicho chini ya LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, shaba imeota kutu ya kijani, na zile volti 13 au 18 za kuilisha LNB zinafika zimedhoofika. Dawa ni kukata kipande cha waya kilicholiwa, kufunga kiunganishi kipya, kukizungushia utepe wa mpira, na kuacha waya upinde kwenda chini kabla ya kupanda, ili maji yadondokee hapo. Kazi ya nusu saa. Badala yake mtu ameuziwa kifaa kinachotegemea mlingoti wa 4G. Njia moja ya mawimbi ya mlingoti huo, yenye upana wa megahezi 20, hata ikifanya kazi kama vitabu vinavyosema, hutoa takriban megabiti 150 kwa sekunde. Watazamaji 30 wa HD wameimaliza, na saa mbili usiku mji mzima uko kwenye simu. Sasa picha yake hukwama hata kiangazi.

Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, na faiba inafuata barabara ya Kisumu hadi Busia na kuvuka Uganda. Inapita tu. Anayeishi hatua chache kutoka kwenye mtaro wake hana pa kuunganishia kwa sababu karibu naye hakuna kituo cha kugawia. Ilhali kwa mfumo wa GPON, ule wa kugawia nyumba nyingi faiba moja, unyuzi mmoja hubeba karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde, hufika kilomita 20, na kigawanyio cha kawaida huhudumia nyumba 32. Nyumba hizo zote zikiwasha HD kwa pamoja hutumia megabiti 160. Hesabu haina ugumu wowote.

Na hata ilipofika, waya umening'inizwa chini chini kwenye nguzo za stima. Trela ya miwa ya Muhoroni iliyojazwa kupita kiasi huondoka nao, na soko zima hukaa gizani kimtandao likimsubiri fundi mwenye mashine ya kuunga nyuzi. Nani alipima urefu wa trela kabla ya kuvusha waya barabarani?

Kampuni za mawasiliano huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao kwenye Hazina ya Huduma kwa Wote, ya kufikisha mawasiliano kusikofikiwa. Kigawanyio cha Luanda, hapo kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, kitoke humo. Kabla ya hapo, Mamlaka ya Mawasiliano iwaamuru mawakala wapime kasi nyumbani kwa mnunuzi, saa mbili usiku, Arsenal ikiwa uwanjani, waandike namba kwenye risiti na kutia sahihi. Ikipungua megabiti 5, wakala arudi kesho na dishi. Aje na ngazi pia.

Fundi wa dishi,
Kondele, Kisumu