Nyuso Tulizozisoma

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba sisi huku hatujambo, watoto wote wazima, alhamdulillahi. Barua yako niliipokea na nikaisoma mara mbili, na tangu siku hiyo sijatulia kwa sababu ya yale uliyoyaandika mwishoni: kwamba uzuri wa waigizaji wa filamu za zamani tuliowapenda ni ujana wetu tu tunaoulilia, na kwamba wanawake maarufu wa leo wanawashinda kwa ngozi, kwa umbo na kwa mavazi. Lau ungeyasema barazani, ningekujibu papo hapo. Kwa kuwa umeyaandika, nami nakuandikia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukijazana ukumbini kwa mama yako baada ya sala ya alasiri, mabuibui yametundikwa nyuma ya mlango, na kanda moja ya video imekodiwa kwa mchango wa nyumba nne? Kihindi hatukukijua zaidi ya vipande vya nyimbo, na maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini yalikuwa yakitoweka kabla hatujafika katikati ya mstari. Hata hivyo sikumbuki mtu kuuliza hadithi inakwendaje. Tulikuwa tukizisoma nyuso. Mama yako, Mungu amrehemu, ambaye hakusoma shule hata siku moja, alikuwa akitutangulia sote kujua kwamba yule binti ameshakata tamaa, kwa kumtazama macho tu. Huo ndio uzuri ninaouzungumzia, na huo sidhani kama ni ujana wetu, kwa maana mama yako wakati ule alikuwa na umri tulio nao sisi sasa.

Nitakutolea mfano mmoja, nao ni ule wa unyoya. Katika Mughal-e-Azam, filamu iliyotoka mwaka 1960, kuna usiku bustanini ambapo mwanamfalme anampitishia mwigizaji Madhubala unyoya mweupe usoni, polepole, huku wimbo ukisikika kutoka mbali. Hakuna anachokifanya yule mwanamke. Amelala chali kidogo, macho yanafumba, yanafumbuka nusu, midomo inataka kusema neno na hailisemi, na kamera inamkalia usoni hapo hapo bila kukimbia. Nguo imemsitiri mwili mzima, nasi ukumbini tulikuwa tukiona haya kutazamana. Baadaye ndipo nilipopata kujua kwamba Dilip Kumar, aliyemwigiza mwanamfalme, na yeye, waliokuwa wamependana kweli, siku hizo walikuwa hawasemezani, na kwamba Madhubala alikuwa amezaliwa na tundu moyoni, ugonjwa uliomuua mwezi wa Februari mwaka 1969 akiwa na miaka 36. Nikaitazama tena sehemu ile. Yote hayo yamo usoni mwake, na wala hayamo kama maonyesho. Yamo kama maji yaliyomo ndani ya mtungi, huyaoni lakini ukiugusa unausikia umepoa.

Meena Kumari naye unamjua, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimlilia. Je, uliwahi kuona kwamba mkono wake wa kushoto haukai wazi? Kidole chake kidogo kiliharibika katika ajali, na kwa miaka yote iliyofuata akawa anakifunika kwa pindo la mtandio au kwa kuukunja mkono. Siku hizi kidole kile kingetengenezwa kwa kompyuta kabla picha haijatoka, na hakuna ambaye angejua. Yeye alikificha kwa mkono wake mwenyewe, na namna ya kukificha ikageuka kuwa madaha, hata sisi wasichana wa Langoni tukawa tunashika mitandio yetu vile vile bila kujua sababu. Pakeezah ilitoka Februari mwaka 1972 baada ya zaidi ya miaka kumi ya kutengenezwa, naye akafariki mwisho wa Machi mwaka huo huo, na ukitazama kwa makini utaona uso wake katika filamu hiyo hiyo moja ukiwa mzima na ukiwa mgonjwa. Hakuna aliyejaribu kutudanganya kwamba ni siku moja. Na Nargis, ambaye alikuwa hajatimiza miaka thelathini alipoigiza Mother India ya mwaka 1957, alikubali kupakwa tope, kuvuta jembe na kuzeeshwa mbele ya watu, naye alikuwa mzuri kuliko wote akiwa na tope.

Najua utaniambia kwamba nao walipambwa, tena na mafundi. Ni kweli, wala sitakuficha. Rita Hayworth alizaliwa Margarita Cansino, mwenye nywele nyeusi. Watu wa studio huko Marekani wakambadilisha jina, wakazitia nywele zake rangi nyekundu, na wakamng'oa nywele za mbele kwa umeme, jambo lenye maumivu, ili paji la uso lionekane pana. Wapiga picha walikuwa wakitandaza kitambaa chembamba kama shashi mbele ya lenzi ili mikunjo isionekane, na Marlene Dietrich alipigwa na taa iliyowekwa juu mbele yake mpaka mashavu yakaonekana kama yamechongwa. Kwa hiyo filta, kama hizi za simu zinazolainisha uso, ilikuwepo, shoga yangu, hata kabla ya sisi kuzaliwa. Lakini walikuwepo pia waliokataa: Ingrid Bergman alipopelekwa Hollywood kutoka Uswidi mwaka 1939, aliambiwa abadilishe jina, achonge nyusi na atengeneze meno, akakataa yote matatu, na nyusi zile nene ndizo tunazomkumbuka nazo. Tena shashi ile ilikaa mbele ya kamera, haikukaa usoni mwa mtu, na studio zilikuwa chache, zikiwatesa wanawake wachache. Leo kila binti mwenye simu amebeba studio nzima mkobani.

Wanawake maarufu wa sasa siwachukii, na mavazi yao mengine nayapenda kwa dhati. Shida yangu ni kwamba siwezi kuwasoma. Mjukuu wangu huniwekea video zao, nami nikimwambia azime sauti, sijui tena nani ni nani: midomo imejazwa kwa sindano ya namna moja, pua imetiwa kivuli cha namna moja, kope zimebandikwa, na paji limechomwa ile dawa ya kulegeza misuli hata halikunjiki. Paji lisilokunjika litaonyeshaje huzuni? Ngozi ndiyo inayoniuma zaidi. Zile krimu za zebaki zimepigwa marufuku nchini kwetu, na bado mimi mpambaji wa maharusi ninaletewa wasichana ambao mikono imekuwa myeupe na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, hata hina haishiki sawasawa.

Wapo ambao ningewaketisha ukumbini kwa mama yako bila wasiwasi. Lupita Nyong'o ni mmoja wao. Mwaka 2014, mwaka ule ule aliopata tuzo ya Oscar, alisema mbele ya watu kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa na ngozi nyeupe zaidi, na kwamba kumwona Alek Wek, mwanamitindo wa Sudan Kusini, akisifiwa duniani ndiko kulikomfungua macho. Ukimtazama katika filamu iliyompa tuzo hiyo, huhitaji lugha. Naye Waheeda Rehman wetu, aliyezaliwa mwaka 1938, ameziacha nywele zake ziwe nyeupe, anatoka mbele ya kamera nazo, na uso ni ule ule.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike kwa uchungu. Mwezi uliopita nililetewa bibi harusi wa Mkomani. Alikuja na simu, akanionyesha picha ya mwanamke maarufu anayetaka kufanana naye, kisha akanionyesha picha yake mwenyewe aliyoipitisha kwenye filta, akasema, "Bibi, nifanye hivi." Nikamketisha dirishani kwenye mwanga, nikaitazama picha, nikamtazama yeye. Chini ya mdomo, upande wa kulia, ana kidoti kidogo cheusi, kama nukta iliyodondoshwa na kalamu ya piko. Kwenye picha hakipo. Filta ilikifuta bila kuulizwa, pamoja na mkunjo mdogo unaomtoka kando ya jicho anapocheka, na alikuwa akinichekea wakati huo huo. Nikamwambia kidoti ni pambo, kwamba zamani wasiokuwa nacho walikichora kwa wanja. Akasema kwa adabu, "Hapana, bibi, kifunike." Siku ni yake. Nikakifunika.

Usiku wa kupamba, alipokaa juu na hina yake hadi viwikoni, asumini zikinukia chumba kizima, wanawake walimshangilia, na kwa kweli alikuwa amependeza. Kisha akaletwa nyanya yake, mwanamke mzee ambaye macho yake yameingia ukungu. Alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye taa, na kidole gumba kikawa kinapapasa pale pale chini ya mdomo, kinarudi, kinapapasa tena. Yeye mwenyewe ana kidoti hicho hicho, mahali hapo hapo. Hakusema kitu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na sanduku langu la mapoda, nikaondoka kabla chakula hakijaletwa.

Kwa hiyo usiniambie kwamba ninalilia ujana. Ningekuwa ninaulilia ujana, ningefurahi, kwa kuwa vijana ndio wanaopita mikononi mwangu kila wiki na wengi wao ni wazuri kuliko tulivyokuwa sisi. Ninachotaka ni waonekane.

Usikose kuja mwaka huu kwa Maulidi, Mfungo Sita ukiandama, na ulale kwangu badala ya kule kwa wifi yako. Mjukuu wangu ameipata ile filamu ya unyoya, safi kabisa, hata vile vioo vya kwenye wimbo wa rangi vinang'aa, na amesema ataiweka kwenye televisheni kubwa. Tutazima sauti, wewe utanieleza unaona nini, na kama hutaona kitu, nitakubali yale uliyoandika. Niletee pia maembe ya huko, na salamu kwa wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Wasalaam,
Shoga yako wa tangu madrasa