Mimea ya majitaka bila mvunaji ni kazi bure

Mhariri,

Kila tunapoitwa kutoa maoni kuhusu usafi wa Kisumu, hakosi mtu wa kupendekeza kwamba mabwawa ya majitaka yapandwe mimea inayoelea, hasa gugu maji, ili uchafu upungue kabla maji hayajaingia ziwani. Wazo lenyewe naliunga mkono. Mmea uliochaguliwa siuungi, na ipo gharama moja ambayo wapendekezaji huiruka, nayo ni ya kuvuna.

Kwamba mimea hii husafisha maji si jambo la kubahatisha. Katikati ya miaka ya 1970, shirika la anga la Marekani, NASA, lilitumia gugu maji kusafisha majitaka ya kituo chake kilichoko Bay St. Louis, jimbo la Mississippi. Huko Mirzapur, Bangladesh, majitaka ya hospitali ya Kumudini yalipitishwa kwenye bwawa la lemna, ule mmea mdogo usiozidi punje ya dengu ambao hutanda juu ya maji yaliyotuama, na mavuno yake wakalishwa samaki. Mizizi inayoning'inia hunasa chembechembe za uchafu na kuwapa makao bakteria wanaouozesha, mmea nao hufyonza nitrojeni na fosforasi, na majani yaliyofunika uso wa bwawa huzuia mwanga, hivyo mwani wa kijani ambao huyachafua upya maji ya bwawa la wazi hukosa pa kuota.

Lakini nitrojeni na fosforasi hizo hazipotei. Zimehamia tu kwenye majani. Mmea ukizeeka, ukafa na kuzama, vyote hurudi majini, na kuoza kwake hula oksijeni iliyokuwapo. Kinachouondoa uchafu bwawani ni mkono wa mvunaji, na mkono huo hauna likizo, kwa sababu lemna iliyopata joto na chakula cha kutosha huweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tatu. Tena bwawa lake hudai vizuizi vya mianzi vinavyoelea, la sivyo upepo wa alasiri kutoka ziwani utaisukuma yote kwenye kona moja na kuyaacha maji wazi. Hata hivyo, lemna huvunwa kwa wavu mwepesi na ina protini nyingi inayofaa kuku na samaki aina ya ngege. Gugu maji, ambalo zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za uzito wake ni maji, huhitaji vijana wengi au mashine kulitoa, kisha lirundikwe kando likingoja mnunuzi asiyeonekana.

Sababu nyingine ya kulikataa gugu maji tunaijua sote tunaoishi kando ya Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu. Lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka wa 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta, ingawa wadudu wa kulitafuna walikuwa wameanza kuachiliwa upande wa Kenya mwaka uliotangulia. Wapo wanaosema kwamba ziwa limekwisha kujaa gugu hilo, basi hakuna cha kuogopa. Hoja hiyo haiwafai shule za bweni na masoko ya Kakamega na Bungoma, ambako masika yakifurisha bwawa, mimea na mbegu zake zitachukuliwa na mto Nzoia au Yala, na kutulia kila penye maji yaliyosimama kabla hata ya kufika ziwani.

Lemna nayo isipakwe sifa isizo nazo. Kivuli chake hupunguza nguvu ya jua ya kuua vijidudu, kwa hiyo ni lazima bwawa la mwisho liachwe wazi, na la kwanza liwe la kutuamisha tope na mayai ya minyoo. Majitaka ya gereji na viwanda yasichanganywe humo kamwe, maana mmea hufyonza metali pia, na metali hizo zitafika mezani kupitia kuku na samaki.

Ningependa kaunti ianze na shule moja ya bweni isiyofikiwa na mabomba ya majitaka, itenge mishahara, buti na glavu za wavunaji katika bajeti ya kila mwaka, na ipime maji yanayotoka bwawani kwa kipimo kilichowekwa na kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006, yaani oksijeni inayohitajiwa kuozesha uchafu isizidi miligramu 30 kwa lita. Fungu la wavunaji lisipopatikana, ni afadhali mabwawa yasipandwe chochote, jua lifanye kazi yake, na fedha zilizopo zitumike kuzoa tope kwa wakati.

Mkazi wa Nyalenda,
Kisumu