Apache yupi? Mama wa bibi amekwama kwenye daftari la Anadarko

Ndugu Mhariri,

Naomba msaada wa wanaozijua nyaraka za Waapache, wenyeji asilia wa Marekani. Watoto wa kaka yangu, wazaliwa wa Oklahoma, wanamtafuta mama aliyemzaa bibi yao upande wa mama. Ukoo husema mama huyo alizaliwa karibu 1890 katika kambi ya jeshi ya Mount Vernon Barracks, Alabama, kati ya Wachiricahua, tawi la Waapache waliohamishwa baada ya kiongozi wao wa vita, Geronimo, kujisalimisha Septemba 1886.

Tulianza na sensa za mawakala, yaani maofisa wa serikali waliosimamia makabila; zimo kwenye mikrofilamu M595, za 1885 hadi 1940. Kabla ya 1913, mwaka Wachiricahua walipoanza kufunguliwa, hayumo, na nadhani sababu ni kwamba walikuwa wafungwa wa vita mikononi mwa jeshi, si wa wakala: kwanza Alabama, kisha tangu 1894 Fort Sill, Oklahoma. Orodha za Dawes, za serikali za kuandikisha wanachama wa makabila, hatukuzigusa: hizo ni za Wacherokee, Wachoctaw, Wachickasaw, Wacreek na Waseminole, ingawa wengi hupotezea miezi humo. Kipimo cha vinasaba nacho hakitaji kabila.

Baada ya 1913 jina linalokaribiana na lake linatokea kwenye daftari la Wakala wa Kiowa, ofisi ya serikali iliyoko Anadarko, Oklahoma, iliyosimamia Wakiowa na majirani zao. Umri umepishana miaka minne, na mbele yake pameandikwa “Apache” tu. Hapo ndipo tulipokwama. Wakala huo ulikuwa na Waapache wa namna mbili: walioishi na Wakiowa tangu zamani, leo Apache Tribe of Oklahoma, na Wachiricahua waliobaki Oklahoma walipofunguliwa, leo Fort Sill Apache. Wachiricahua wengi zaidi walihamia Mescalero, New Mexico, kwa Waapache wa huko. Kila kabila lina orodha yake ya msingi, ya majina ambayo uzao huthibitishwa kwayo, na masharti yake ya uanachama, kwa hiyo tukikosea hapa, kila cheti tutakachokusanya kitapelekwa kwenye ofisi isiyohusika.

Je, sensa ya 1910, yenye fomu za pekee zinazotaja kabila la baba na la mama, iliwahesabu wafungwa wa Fort Sill? Majina ya watoto waliozaliwa kambini tuyaombe Washington kwenye nyaraka za jeshi, au Fort Worth, Texas, zinakotunzwa nyaraka za mawakala wa Oklahoma? Na kwa kuwa cheti cha kuzaliwa cha bibi hakipatikani, je, ofisi ya uandikishaji ya kabila hukubali kitabu cha ubatizo cha misheni ya Reformed Church, kanisa la Kiprotestanti, iliyokuwa Fort Sill, au ni lazima kiambatane na hati ya mirathi ya ardhi?

Wenu,
Msomaji, Oklahoma