Kidole kilichokutwa kwenye banda la kuku

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba filamu za majambazi wa Japani zinawafunza vijana kuona uhai si kitu amezitia zote kapu moja.

Miaka ya 1960 studio ya Toei ilitoa filamu chungu nzima za yakuza, yaani majambazi wa Japani, waungwana. Mwigizaji Ken Takakura anavumilia matusi hadi uzalendo unamshinda, anachomoa upanga na kwenda kulipa kisasi. Anaua, na inapendeza kutazama. Kama nina kijana nyumbani, hizo ndizo ningezihofia.

Kisha 1973 mwongozaji Kinji Fukasaku akaleta "Jingi Naki Tatakai", yaani vita visivyo na uungwana. Inafunguka kwa picha ya wingu la bomu la atomiki, mara tumo kwenye soko la magendo la Kure, bandari iliyo jirani na Hiroshima. Kamera haitulii. Wauaji wanatetemeka, wanakosa shabaha. Jambazi Hirono, anayeigizwa na Bunta Sugawara, anaamua kujikata kidole ili kuomba radhi, na pale hakuna ajuaye hasa inavyofanywa. Kidole kinaruka! Watu wazima wanahangaika uani wakikisaka, kumbe kiko kwenye banda la kuku. Nilicheka mpaka nikaona haya.

Fukasaku mwenyewe alikuwa na miaka 15 mwaka 1945, akifanya kazi katika kiwanda cha silaha kilichopigwa mizinga, na yeye na wenzake waliobaki ndio waliozoa maiti. Mtu wa hivyo humwambii habari za kumfia mkubwa. Ndiyo maana katika filamu yake Yamamori, bosi wa Hirono, kila anapotaka vijana wamwage damu kwa ajili yake, anaangua kilio.

Kuhusu "Sonatine" ya Takeshi Kitano, ya 1993, hapo namwelewa mlalamikaji. Ufukwe wa Okinawa, bahari shwari, mtu anajiwekea bastola kichwani huku anatabasamu. Utupu ule unavutia, na mimi pia ulinivuta.

Lakini arudie ile ya 1973 hadi mwisho. Sakai, mwenzake Hirono, anauawa dukani akichagua mwanasesere. Msibani wakubwa wamekaa kwa adabu zao. Hirono anaingia, anatoa bastola na kuimiminia risasi madhabahu. Hapigi mtu hata mmoja.

Msomaji wenu,
Tanga